Almasi Iliyotafutwa Magoudjou

Walipekua nyumba ya Bi Mouzdalifa siku mbili mfululizo. Walichana godoro, wakachekecha mchele, wakakausha birika la maji ya mvua hadi chini, wakitafuta almasi.

Almasi hiyo muda wote ilikuwa kidoleni mwa bibi harusi, mtaa wa pili kutoka pale.

Mimi nilijua. Niliamini kwamba ni mimi peke yangu niliyejua.

Na mimi ndiye niliyekabidhiwa kalamu niandike kilichopatikana.

Ilikuwa Moroni, visiwa vya Komoro, mwaka 1971, bendera ya Mfaransa bado iko juu. Naitwa Dhoihir. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazidja, nikaja Moroni nikiwa na miaka ishirini, ndiyo maana naandika Kiswahili. Waliohusika walisema Kingazidja, na wa Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, walisema Kindzuani. Maneno yao nimeyageuza kadiri nilivyoweza. Matendo sikuyageuza.

Nianze na kaka yangu, Saïndou.

Saïndou alikuwa anafanya ndoa kuu. Kwa asiyejua: Ngazidja, kisiwa chetu, mwanamume anaweza kuwa na mke, watoto na mvi, lakini asipofanya ndoa kuu anahesabiwa kijana. Kwenye bangwe, ule uwanja wanaume wanapokaa kuzungumza mambo ya mji, anakaa pembeni na hapewi neno. Akishaifanya, anakuwa mtu mzima.

Saïndou alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alikuwa amechoka kuwa kijana.

Dhahabu ilikuwa tayari. Upande wa bibi harusi, Kamaria, walikuwa wameridhika nayo. Almasi haikuombwa na mtu yeyote.

Almasi ilikuwa wazo la Saïndou, na chanzo chake kilikuwa Ambari. Huyu alikuwa jirani yetu, na mwaka uliotangulia alimvisha mkewe pete ya almasi. Tangu hapo hatukupumzika. Ambari aliweza kuitaja pete ile hata alipokuwa anaulizia bei ya samaki.

"Wewe umesoma," Saïndou aliniambia. "Jiwe la mpaka likisogea kidole kimoja wewe unajua. Nenda Mutsamudu. Kuna mama pale anauza almasi kwa bei ya watu kama sisi. Niletee kubwa."

"Kubwa au nzuri?"

"Kubwa. Kama ni nzuri utaniambia wewe."

Nilikuwa mpima ardhi wa serikali, nimesomea Tananarive, Madagaska. Mjini nilijulikana kwa jambo moja: sisemi nisichokipima. Niliwahi kutoa ushahidi wa mpaka dhidi ya mjomba wangu mwenyewe, akapoteza minazi kumi na minne. Mjomba hakunisamehe, lakini tangu siku ile neno langu lilichukuliwa kama hati.

Nilijivunia hilo. Nasema ili muelewe yanayofuata.

Meli ilitia nanga nje ya bandari ya Mutsamudu. Mashua zikatuleta gatini pamoja na magunia ya mchele, na wapagazi wakatushusha sisi kwa namna ile ile waliyoyashusha magunia.

Bi Hadjira alikaa ndani ya mji wa mawe, chini ya ngome, kwenye kichochoro ambacho wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Alikuwa mjane wa miaka kama sitini. Marehemu mumewe aliishi Tanganyika miaka mingi, akinunua mawe ambayo wanunuzi wakubwa waliyakataa. Mjane aliendelea kuyauza kidogo kidogo. Mwanawe, sonara, aliyatia kwenye pete katika chumba cha pili.

"Mtu wa Ngazidja," alisema kabla sijakaa. "Unaoa?"

"Kaka yangu anaoa."

"Basi unataka la kuonekana. Anayejinunulia mwenyewe ndiye hutaka la kupimwa."

Aliweka mawe mawili juu ya karatasi nyeupe. La kwanza lilikuwa dogo kama punje ya mtama, safi kama maji matupu. La pili lilikuwa na ukubwa wa punje ya pilipili manga.

Bei yao ilikuwa moja.

Akanipa kioo cha kukuzia. "Angalia. Usinionee haya, mimi nimeshaliangalia kabla yako."

Ndani ya lile kubwa niliona doa jeusi, kama chembe ya mkaa. Ukingoni palikuwa na ufa mwembamba, kama unyoya wa kifaranga.

"Lina uchafu," nilisema.

"Uchafu huoshwa. Hilo limezaliwa nalo. Sasa ondoa kioo uangalie kwa macho yako."

Nikaondoa. Nikaliweka mbali kwa urefu wa mkono, kisha karibu, kisha nikaenda nalo dirishani. Doa halikuonekana. Nilirudia mara tatu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kupima.

"Na ufa?"

"Mwanangu ataukalisha chini ya kucha ya pete, kile kijino kinacholishika jiwe. Hapo ndipo jiwe linapoweza kupasuka likigongwa, kwa hiyo kucha italilinda. Lakini ukiulizwa, sema. Doa moja, ufa mmoja. Mimi siuzi jiwe gizani."

"Nitasema."

"Nyinyi watu wa Ngazidja mnasema sana, mpaka muulizwe."

Nilichukua lile kubwa. Uamuzi huo hadi leo nauona sahihi. Pete huangaliwa kwa macho, na macho hayakuona kitu. Almasi yenye doa ni almasi, haina upungufu ila wa bei, na kwa bei ile kaka yangu alipata kile alichokitaka. Kama ningesimama hapo, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Bi Hadjira aliifunga pete katika karatasi aliyoiandika kwa herufi za Kiarabu: uzito, doa moja, ufa mmoja, jina lake.

Karatasi hiyo niliitupa baharini tukiwa bado kwenye mashua.

Nilijiambia kwamba Saïndou hana haja nayo. Ukweli ni kwamba nilimwona akilini Ambari akiisoma.

"Ni nzuri?" Saïndou aliniuliza Moroni.

"Ukiiangalia huoni kasoro," nikajibu.

Kila neno katika sentensi ile lilikuwa kweli. Niliitunga melini, na nilitumia muda mrefu.

Sasa Bi Mouzdalifa.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mjane, akikaa Magoudjou katika nyumba ya vyumba viwili. Kazi yake ilikuwa kutunza vito vya ndoa kuu siku tatu kabla havijakabidhiwa. Aliviosha kwa sabuni na brashi laini, akavipanga, kisha akampamba bibi harusi. Dhahabu ya nusu ya mji ilipita kwake kwa miaka ishirini. Hakuwa na kufuli la maana, na hakuwa na mtu wa kumsimamia. Haikupotea hata pini.

Pete ya Saïndou ilikaa kwake siku tatu kama vito vingine.

Siku ya makabidhiano, wanaume walijaa barazani kwa kina Kamaria. Desturi yetu ni kwamba vito havitolewi kimya kimya. Mtu wa upande wa bwana harusi anavitaja kimoja kimoja, na mjomba wa bibi harusi anarudia. Kikishatajwa na kurudiwa, ndivyo kilivyo. Ni neno la ukoo.

Saïndou alinichagua mimi nitaje. Kwa sababu gani, mnajua.

Nilitaja mikufu. Nikataja bangili. Mouigni, mjomba wa Kamaria, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo, alirudia kila kimoja.

"Pete moja ya almasi," nilisema.

"Pete moja ya almasi," akasema Mouigni.

"Safi?" Sauti ya Ambari ilitoka nyuma. "Maana ya kwangu ilikuwa safi. Nauliza tu, si kwa ubaya."

Watu wakacheka. Saïndou alikuwa mbele yangu, nikaona shingo yake ikilowa.

Mouigni aliinua mkono. "Swali limeshaulizwa, lijibiwe. Dhoihir, jiwe lina kasoro?"

Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Ukiiangalia huoni kasoro. Nikatambua kwamba Ambari angeicheka, maana hata mtoto angesikia kwamba inaficha kitu.

"Halina," nikasema.

"Jiwe halina kasoro," akarudia Mouigni.

Ikawa hivyo.

Siku tisa baadaye, fundi saa mmoja alikwenda kwa kina Kamaria kutengeneza saa ya ukutani. Moinafouraha, shangazi wa Kamaria, alikuwa mwenye nyumba na mwenye maneno. Alipoona kioo jichoni mwa fundi akamvua Kamaria pete.

"Hebu itazame almasi yetu kwa hicho kidude chako. Ufaidi na wewe."

Fundi alitazama kwa muda.

"Mama, ina doa."

"Lifute basi."

"Liko ndani."

Hakuna aliyefikiri kwamba mimi nimesema uongo. Hilo lazima niliandike wazi. Watu walipanga hoja kama ningeipanga mimi. Dhoihir alinunua jiwe safi. Sasa jiwe lina doa. Kwa hiyo jiwe limebadilishwa. Nani alikaa nalo peke yake?

Ndipo tukaenda Magoudjou.

Moinafouraha aliongoza wanawake sita. Mouigni alileta wanaume wawili na mimi. "Wewe andika," aliniambia, "ili kesho mtu asije akasema tumemwonea."

Nikaandika. Godoro: hakuna. Mchele: hakuna. Sanduku la nguo: hakuna. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Bado ninaukumbuka.

Bi Mouzdalifa alikaa kizingitini, mikono juu ya magoti.

"Mouzdalifa, dada yangu," Moinafouraha alimwambia, "litoe tu, yaishe. Hatutakupeleka kwa askari."

"Nitoe nini? Mnachokitafuta mmekiacha nyumbani."

"Unatucheza?"

"Mimi ndiye niliyechaniwa godoro, na ninayecheza ni mimi?"

Kisha akanigeukia.

"Bwana mpima, birika umeliandika?"

"Nimeliandika."

"Andika na kina chake. Isije ikasemwa hukupima vizuri."

Aliniangalia kidogo kupita ilivyohitajika. Nikarudi kwenye karatasi.

Hawakumpeleka kwa askari. Walisema wanamhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyommaliza. Ndoa tatu zilifanyika mwezi ule na hakuna kito kimoja kilichopita mlangoni kwake. Wanawake aliowapamba wao na mabinti zao wakawa wanabadilisha upande wa njia. Alianza kukaanga mihogo na kuiuza mbele ya nyumba. Wanunuzi wake walikuwa watoto, kwa sababu watoto walikuwa hawajaambiwa.

Nilikaa kimya siku ishirini na sita.

Nilijiambia namlinda kaka yangu: jiwe likijulikana lilivyo, neno la ukoo limevunjika, na utu uzima wake pamoja nalo. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, kama sentensi yangu ya kwanza. Nilizijua hoja za namna hiyo, maana nilikuwa nimeshakuwa fundi wa kuzitunga.

Siku ya ishirini na saba nilikwenda kwake baada ya sala ya alasiri. Alikuwa anamenya mihogo.

"Unataka ya kukaanga au ya kuchemsha?" aliniuliza.

"Bi Mouzdalifa, lile jiwe halikubadilishwa."

"Najua."

Nikafikiri hakunisikia. "Nasema ndilo lile lile. Lilikuwa na doa tangu Mutsamudu. Nilidanganya mimi."

"Najua, mwanangu. Nimeliosha kwa mikono yangu. Nina kioo ninachosomea Kurani, huwa naangalia kila jiwe kabla ya kuliosha, lisije likanipasukia mkononi. Doa niliona, na ncha ya ufa niliiona ikichungulia pembeni mwa kucha."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Kabla hujalitaja mbele ya watu. Nilikuwa uani nikiwasikiliza. Uliposema halina, nikasema moyoni, huyu kijana ana shida."

"Kwa nini hukusema?"

Alikata mhogo katikati, akautazama ndani kama umeoza.

"Nimwambie nani? Mjane wa Magoudjou aseme kwamba Dhoihir mpima ni mwongo? Wangenichania na kanzu niliyovaa." Akautupa mhogo katika sufuria. "Nilikuwa nakusubiri. Wewe ukisema wataamini."

Nililia. Naandika kwa sababu ilitokea. Yeye aliendelea kumenya.

Ijumaa, baada ya sala, nilisimama kwenye bangwe bila kupewa neno. Walikuwepo watu wazima wote wa mji, Saïndou miongoni mwao, mahali pake papya. Nikasema kwa sauti kwamba jiwe lilikuwa na doa nililolijua, kwamba nilidanganya, na kwamba Bi Mouzdalifa hana kosa.

Mouigni akatabasamu kwa upole.

"Kijana ana huruma," alisema. "Mungu amlipe. Anaona mjane anauza mihogo, anataka kuubeba mzigo wake."

"Si huruma, mzee. Nilisema uongo."

"Wewe?" Wazee wawili wakacheka. "Wewe uliyemvua mjomba wako minazi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa na maneno yangu mawili yanayopingana, na ilibidi wachague moja. Walichagua lile nililolitamka nikiwa mtu asiyesema uongo.

Nikatafuta uthibitisho, ndiyo kazi yangu. "Chini ya kucha ya pete pana ufa," nilisema. "Fundi saa hakuuona kwa sababu karibu wote umefunikwa. Inueni kucha ya upande wa kushoto wa doa. Kama hapana ufa, mimi ni mwongo leo. Kama upo, nilikuwa mwongo siku ile."

Fundi saa akaitwa. Pete ikaletwa. Akainua kucha kwa uangalifu, akaweka kioo jichoni.

"Upo," alisema.

Nikadhani yamekwisha.

"Makubwa," Ambari alisema, bila haraka. "Jiwe lililowekwa badala ya letu analijua mpaka chini ya kucha. Jamani, tangu lini mpima anawapimia wajane? Mimi nilimwona juzi akitoka Magoudjou, macho mekundu."

Macho yalikuwa mekundu kweli.

Hadi magharibi mji mzima ulikuwa na habari mpya: Mouzdalifa hakuiba peke yake, na hakuiba kwa ajili ya almasi tu. Mwanamke aliyekuwa anaitwa mwizi sasa aliitwa mwizi na jina jingine ambalo siliandiki. Nilikuwa nimekwenda kumwondolea aibu moja, nikamwongezea ya pili.

Kesho yake kaka wa Bi Mouzdalifa alikuja kutoka kijijini kumchukua. Nilimkuta mwenyewe anafunga vitu vyake.

"Nipe siku sita," nilimwambia nikiwa nje, mbali na mlango, watu wote wakiniona.

"Ulishanipa ishirini na sita," alisema. "Sita hazitaniua."

Kaka yake alitema mate karibu na kiatu changu, lakini alikubali kungoja.

Mutsamudu, Bi Hadjira alinisikiliza hadi mwisho.

"Karatasi niliyokuandikia iko wapi?"

"Niliitupa baharini. Hapo nje ya gati."

"Mbali?"

"Si mbali."

Alivuta shiromani yake kichwani, lile shuka jekundu la wanawake wa Ndzuani. "Sijapanda meli tangu nilipokwenda kumzika mume wangu," alisema, na akamwita mwanawe amtafutie viatu.

Alitapika kutoka Mutsamudu hadi Moroni. Kila alipomaliza aliniangalia kana kwamba bahari ni mimi.

Kwenye bangwe wanawake hawakai, kwa hiyo alisikilizwa kwa kina Kamaria, barazani pale pale. Ambari alikuwepo. Bi Mouzdalifa aliletwa na kaka yake, akakaa karibu na mlango.

Bi Hadjira hakuomba kioo. Aliigeuza pete, akaonyesha alama ndogo ambayo mwanawe huigonga ndani ya kila kazi yake, akaonyesha kucha moja iliyo nene kuliko nyingine.

"Kazi ya nyumbani kwangu," alisema. "Hakuna mkono mwingine uliolitoa jiwe hapa. Nilimuuzia huyu. Doa moja, ufa mmoja. Nikamwambia akiulizwa aseme."

"Na sisi tumwamini mtu wa Ndzuani kwa lipi?" Ambari aliuliza.

Bi Hadjira alimtazama kama anayekadiria uzito wake.

"Mimi ni mfanyabiashara. Nimepanda meli, nimetapika siku nzima, nimekuja mji wa watu kutangaza kwamba bidhaa yangu ina kasoro. Wewe unamjua mwongo wa namna hiyo? Nitajie, nimwoze binti yangu."

Hakuna aliyecheka, lakini Ambari alikaa.

Mouigni aliishika pete, akamwambia Saïndou, si mimi: "Almasi hatukuiomba. Mngeleta dhahabu peke yake tungewapokea. Mngesema lina doa tungewapokea. Mimi nimerudia uongo kwa mdomo wangu mbele ya mji."

Ukoo wetu ulitozwa ng'ombe wawili, na Saïndou aliondolewa mahali pake kwenye bangwe kwa mwaka mzima. Hakusema nami kwa miaka miwili. Ambari alipata habari kubwa ya kusimulia kuliko pete. Kamaria aliivaa pete yake, na jiwe likang'aa kama lilivyong'aa tangu siku ya kwanza.

Moinafouraha alikwenda Magoudjou na godoro jipya kichwani, akilibeba mwenyewe, njia nzima watu wakimtazama. Kwa hilo namheshimu.

"Rudi kwenye kazi yako," alimwambia Bi Mouzdalifa. "Mwezi ujao kuna ndoa mbili."

"Nitarudi, kwa sharti. Siku zote tatu, vito vikiwa kwangu, akae mtu na kioo. Kila kito kikiingia akiangalie na aseme kasoro zake mbele ya wenyewe. Kikitoka aseme tena."

"Akae nani?"

"Mpima."

Mnaweza kudhani hiyo ilikuwa njia ya kunirudishia heshima. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nilikaa kwenye mkeka wake ndoa kumi na tisa. Mlango wazi, shangazi wawili, mmoja wa kila upande, wakitusimamia. Nilitazama kila jiwe na kutaja: doa moja, ufa mmoja, mkwaruzo upande wa kulia. Wanawake walikuwa wakija kusikiliza tu. Ilikuwa burudani.

"Leo mpima amesema ukweli mara ngapi?" waliulizana nje.

"Thelathini na mbili."

"Basi amechoka, mpeni maji."

Katika ndoa hizo zote Bi Mouzdalifa hakuniambia ila jina la kito kinachofuata. Mwaka 1975 nilipojiandaa kuhama na kurudi Afrika Mashariki, nilibaki nyuma siku ya mwisho, shangazi wakiwa mlangoni wanavaa viatu.

"Bi Mouzdalifa, naomba unisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ulipokuja nikimenya mihogo," alisema. "Kusamehe si kazi."

Nikashukuru.

"Ngoja, sijamaliza. Zamani walikuwa wananiletea dhahabu, wananiambia Mouzdalifa kaa nayo, wanakwenda kulala. Sasa kila ndoa nakaa na walinzi wawili na kioo. Hiyo si adhabu yako, mwanangu, ni yangu. Hawawezi tena kuniachia kitu peke yangu, hata wakitaka. Wakiniachia, usiku wasiwasi unawaamsha. Nilikuchagua wewe ukae hapa kwa sababu nilitaka mtu mmoja mjini ajue hilo kila siku."

Akakunja mkeka.

Mimi ninaandika nikiwa na miaka themanini na zaidi. Watu huniuliza kama wanunue almasi zenye doa, kwa kuwa ni nafuu. Wanunue. Waangalie kwa kioo, wamwulize muuzaji, waandikiwe kwenye karatasi, na karatasi waitunze. Mtu atakayeulizwa kama jiwe lake lina kasoro aseme lina kasoro, hata kama Ambari wake amesimama nyuma. Kicheko cha Ambari huisha jioni ile ile.

Ukweli wangu ulichelewa siku ishirini na sita. Ulifika mzima, na uthibitisho wake. Bi Mouzdalifa alikufa mwaka 1988, na hadi alipokufa hakuna aliyemwachia dhahabu akaenda kulala.